Meli iliyozama, mji wa bandari, kabati la makumbusho au mbegu iliyoungua: uanzie wapi kuchunguza biashara ya kale ya Bahari ya Hindi?

Mabakuli ya Changsha, yaliyotengenezwa China wakati wa nasaba ya Tang, yalikutwa kwa makumi ya maelfu ndani ya jahazi moja lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Vipande vichache vya mabakuli ya aina hiyo vimekutwa pia Shanga na Manda, katika visiwa vya Lamu, vikiwa vimechanganyika na majivu, mifupa ya samaki na vyungu vilivyovunjika. Bakuli ni lile lile, lakini maswali unayoweza kuliuliza hayafanani. Likiwa chini ya bahari litakuambia nani alipakia nini. Likiwa jaani litakuambia lilitumiwa katika nyumba ya namna gani, na pamoja na vyombo gani vingine.

Wanafunzi wengi wa akiolojia hukwama hapo. Mtu anasema anataka kuandika kuhusu biashara ya kale ya baharini na maingiliano ya tamaduni, halafu anatumia miezi mitatu bila kujua ashike upande gani. Kuna njia nne ambazo mtu anaweza kuzishika kweli: meli zilizozama, miji ya bandari, vitu vilivyokwisha kuchimbuliwa vikawekwa makumbusho, na mabaki ya viumbe, yaani mbegu, mifupa na vinasaba. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Iliyo mbaya kwa swali ulilo nalo, hiyo ipo.

Vigezo

Nitazipima zote kwa mambo matano. *Muda:* ushahidi unashika siku moja au karne kadhaa? *Ukimya:* ni jambo gani hauwezi kulisema hata ukiubembeleza? *Maingiliano:* unaonyesha bidhaa tu, au unaonyesha pia jinsi watu walivyobadilika kwa kukutana na wengine? *Kazi:* ujuzi, vifaa, fedha na muda. *Ruhusa na maadili:* nani aulizwe, na nini kisiguswe.

Mimi kigezo cha tatu nakipa uzito kuliko vingine. Kaure kufika pwani ni habari ya biashara. Kaure hiyo kujengewa ndani ya nguzo ya kaburi, kama ilivyofanywa Kunduchi, ni habari ya watu walioipokea na kuipa kazi ambayo mfinyanzi wake hakuiwaza. Vitabu vingi vinahesabu ya kwanza na kuipita haraka ya pili.

1. Meli iliyozama

*Muda.* Hakuna ushahidi unaoshika wakati kwa ukali kama huu. Meli huzama mara moja, na kila kilichokuwamo kilikuwa safarini siku ile. Bakuli moja la Belitung limeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826 BK, kwa hiyo shehena nzima inapata nanga ya kalenda. Mfano mkubwa zaidi uko nje ya bahari yetu: meli ya Uluburun, kusini mwa Uturuki, iliyogunduliwa na mzamia sifongo mwaka 1982. Ilizama mwishoni mwa karne ya 14 KK ikiwa na tani 10 hivi za shaba, tani moja ya bati, mikuo ya kioo, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni na magogo ya mpingo. Ndiyo, mpingo, mti ule ule unaochongwa na Wamakonde. (Usikimbilie kusema yalitoka kwetu, mpingo huota hadi Sudan na Ethiopia.)

*Ukimya.* Meli haikufika. Unajua ilichobeba, hujui nani angenunua wala angekifanyia nini. Na meli moja si biashara nzima: huenda ilikuwa safari ya kawaida, huenda ilikuwa zawadi ya mfalme kwa mfalme. Nguo, nafaka na viungo, ambavyo vilijaza vyombo vingi vya Bahari ya Hindi, huoza au huliwa. Ubao usiofunikwa na mchanga hutobolewa na wadudu wa baharini hadi unakwisha.

*Maingiliano.* Hapa watu hudhani meli ni bubu, na wanakosea. Uluburun ilikuwa na taa za udongo za aina mbili. Za Cyprus zilikuwa mpya, zimepangwa ndani ya mitungi mikubwa kama bidhaa. Za pwani ya Shamu zilikuwa na masizi mdomoni, maana mabaharia walikuwa wakiziwasha. Masizi hayo peke yake yanakuelekeza wanamaji walikozoea kununua taa zao. Mwili wa chombo nao unasema. Jahazi la Belitung lilishonwa kwa kamba bila msumari, kwa ufundi wa magharibi ya Bahari ya Hindi, ndugu wa ufundi uliounda mitepe ya pwani yetu, na lilikuwa limesheheni mali ya China.

*Kazi.* Ni kubwa, na nasema hivi kwa makusudi. Uluburun iko kati ya mita 44 na 61 chini ya maji. Uchimbaji wake ulianza 1984 ukaisha 1994, kwa zaidi ya mizamio 22,000. Baada ya hapo ndipo kazi ndefu huanza: vyombo vya udongo hulowekwa hadi chumvi itoke, mbao hutibiwa kwa miaka ili zisisinyae na kupasuka. Kitu kikitolewa majini bila maabara ya kukipokea, umekiua. Kwenye pwani yetu mfano uliokamilika ni Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 chini ya kuta za Fort Jesus, Mombasa, wakati ngome imezingirwa na Waomani. Ilichimbwa kuanzia 1977 hadi 1980 na vitu vyake viko kwenye jumba la makumbusho la ngome hiyo. Si ya kale sana, lakini inafundisha kazi ilivyo.

*Ruhusa na maadili.* Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji, ulioanza kutumika 2009, unataka kwanza kufikiriwa kuviacha vitu mahali vilipo, na unakataza kuvifanya bidhaa. Belitung ilitolewa na kampuni ya kibiashara, kisha shehena ikanunuliwa kwa ajili ya Singapore kwa dola za Marekani milioni 32 hivi. Maonyesho yaliyopangwa kufanyika kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington, mwaka 2012 yalisimamishwa baada ya wanaakiolojia kupinga. Ubishi huo haujaisha. Maoni yangu: takwimu zake zitumie, lakini useme wazi zilivyopatikana, na usijifanye hujui.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la safari moja, ufundi wa vyombo au upakiaji wa shehena, na mwenye taasisi nyuma yake. Peke yako huiwezi.

2. Mji wa bandari

*Muda.* Mji hushika karne, kwa matabaka ya udongo yaliyolala moja juu ya jingine. Shanga, katika kisiwa cha Pate, ilichimbwa na Mark Horton kuanzia 1980, na matabaka yake yanatoka katikati ya karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15. Hasara yake ni kwamba kipimo cha kaboni hakikupi mwaka, kinakupa kipindi, mara nyingi kipana kuliko maisha ya mtu.

*Maingiliano.* Hapa ndipo mji unapong'ara, basi niukawilie kidogo. Chini ya msikiti wa mawe wa Shanga, Horton alikuta mfululizo wa misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa midogo ya miti. Huo si mji ulioletwa mzima na wageni. Ni jamii iliyokuwa ikiishi pale, ikaupokea Uislamu kidogo kidogo, na kila kizazi kikapanua pa kusalia. Kabla ya hapo, wachimbaji kama James Kirkman huko Gedi na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kati ya 1960 na 1965, walivutwa zaidi na majengo ya mawe na vyombo vya ng'ambo, na simulizi waliyoitoa ikaelekea ng'ambo pia. Kazi yao bado inahitajika. Ramani na michoro yao tunaitumia hadi leo. Lakini ukihesabu vigae vyote, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vya mji wa Waswahili badala ya kuchagua vizuri tu, vya kutoka nje mara nyingi havifiki asilimia 5. Vingine vyote ni vyungu vya hapa hapa. Mtanzania Felix Chami alijenga hoja yake juu ya vyungu hivyo vyenye nakshi za pembetatu, vinavyofanana pwani na bara, akionyesha kwamba waliokuwa wakisubiri majahazi walikuwa wakulima na wafua chuma wa huku huku.

*Ukimya.* Mji hauonyeshi njia. Bakuli la China lililokutwa Kilwa huenda lilipita Siraf, bandari ya Uajemi, au bandari za India, likabadilisha mikono mara nyingi, na hakuna Mchina aliyeiona Kilwa. Kisha mawe huvuta macho: nyumba za udongo na miti, ambamo wengi waliishi, huachwa bila kuchimbwa. Huko Songo Mnara, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, walioanza mwaka 2009, walifanya kinyume. Walipima viwanja vya wazi vilivyo kati ya majengo na wakakuta kumbe navyo vilikuwa na maisha, pamoja na nyumba za udongo. Hali ya hewa nayo ina neno lake. Berenike, bandari ya Misri katika Bahari ya Shamu, ni kavu kiasi kwamba ndani ya mtungi wa Kihindi zilikutwa zaidi ya kilo 7 za pilipili manga. Kwenye unyevu wa pwani ya Afrika Mashariki usitarajie kitu kama hicho.

*Kazi.* Unahitaji timu, msimu mmoja au zaidi, na uvumilivu wa kuosha vigae. Mwanafunzi anaweza kupewa shimo moja la mita 2 kwa 2, na shimo hilo linatosha tasnifu. Halitoshi kuuelezea mji, na jaribu la kutaka litoshe ni kubwa.

*Ruhusa na maadili.* Tanzania utapitia COSTECH, tume ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti, na Idara ya Mambo ya Kale, Zanzibar ina mamlaka yake, Kenya ni NACOSTI, tume ya kazi kama hiyo, na Makumbusho ya Taifa. Karatasi hizo hazitoshi. Kilwa Kisiwani, iliyo Urithi wa Dunia pamoja na Songo Mnara tangu 1981, ina watu wanaoishi katikati ya magofu, na makaburi yao yapo pale. Kaa na wazee kabla ya kuchomeka kigingi cha kwanza.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali linaloanza na "ilibadilikaje". Asiyependa kusubiri aende kwingine.

3. Vigae, shanga na sarafu zilizomo kabatini

*Muda.* Unategemea mtindo. Kigae chenye michoro myeusi juu ya njano kutoka Yemen kinakupeleka karibu na karne ya 14. Vyombo vya Uajemi vya nakshi za kuchanja vinakupeleka karne ya 11 na 12. Jihadhari na vitu vya urithi: bakuli zuri huweza kuhifadhiwa vizazi vitatu kabla ya kuvunjika, likakupa tarehe iliyotangulia mno.

*Ukimya.* Kitu kisicho na tabaka hakina ushahidi wa kutosha. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Zilifikaje? Mpaka leo watu wanabishana, kwa sababu ziliokotwa mchangani tu, pamoja na sarafu za Waholanzi za karne za baadaye sana. Linganisha na sarafu ya Kilwa iliyokutwa Great Zimbabwe, ambayo inakaa vizuri ndani ya simulizi ya dhahabu iliyotoka bara kupitia bandari ya Sofala, Msumbiji. Au sarafu ya Yongle, iliyopigwa China kati ya 1403 na 1425, iliyopatikana Manda mwaka 2013 na timu ya Chapurukha Kusimba. Magazeti yalikimbilia kumtaja Zheng He, amiri wa China aliyeongoza misafara ya Bahari ya Hindi zama hizo. Sarafu yenyewe haisemi ililetwa na nani.

*Maingiliano.* Shanga za kioo ndizo hazina kubwa hapa. Leza hutoboa tundu lisiloonekana kwa macho, na kemia ya kioo inasema kama kilitengenezwa kwa majivu ya mimea, kama ilivyokuwa desturi ya nchi za Ghuba ya Uajemi, au kwa magadi ya ardhini, kama India. Kwa njia hiyo imeonekana kwamba shanga za mwanzo zilizoingia kusini mwa Afrika kupitia bandari kama Chibuene, Msumbiji, zilielekea Ghuba, na baadaye soko likahamia kwa kioo cha India. Linalonifurahisha zaidi ni jambo lililofanyika bara. Kwenye bonde la Limpopo, katika eneo la K2 karibu na Mapungubwe, mafundi waliyeyusha shanga hizo ndogo kutoka ng'ambo na kuzimimina upya kwenye kalibu za udongo, wakapata shanga kubwa kwa ladha yao. Shehena yoyote ya meli isingekuonyesha hilo.

*Kazi.* Ndogo kuliko zote. Meza, mizani, kamera, na msimamizi anayejua vyombo. Masanduku yaliyojazwa miaka ya 1960 bado yamo stoo, mengi hayajafunguliwa na mtu mwenye swali jipya. Kero yake ni lebo zilizofutika, na tabia ya wachimbaji wengi wa zamani ya kubakiza vipande vyenye nakshi na kutupa vilivyo wazi. Kabla hujahesabu chochote, uliza nini kilitupwa.

*Ruhusa na maadili.* Barua kwa makumbusho, na kibali cha ziada ukitaka kukata au kusafirisha sampuli. Kitu kilichonunuliwa sokoni usikiguse.

*Inamfaa nani.* Mwenye muda mfupi, na mwenye swali la vitu vimetoka wapi.

4. Mbegu, mifupa na vinasaba

*Muda.* Mbegu iliyoungua ni mmea wa mwaka mmoja, hivyo hupimika kwa kaboni vizuri kuliko mkaa wa gogo la mti mzee.

*Maingiliano.* Hapa njia hii haina mshindani. Utafiti uliochapishwa 2016 kutoka maeneo 18 ulionyesha kwamba karne za 8 hadi 10 watu wa Komoro na Madagaska walikuwa wakila mpunga na choroko kutoka Asia, huku pwani ya bara na visiwa vyake wengi wakibaki na mtama, uwele na mazao mengine ya Afrika. Lugha ya Kimalagasi ilikwisha kuwaelekeza wataalamu Indonesia. Mbegu zikaleta alama ya udongoni. Mwaka 2023 vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi kutoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, vilionyesha mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000 BK: upande wa kike kwa sehemu kubwa Waafrika, upande wa kiume kwa sehemu kubwa Waajemi.

*Ukimya.* Damu si lugha, wala si jina mtu alilojiita. Tena waliozikwa kando ya misikiti ya mawe ni watu wenye uwezo. Mvuvi na mtumwa hawamo, au wamo kidogo. Ukisoma matokeo hayo kama habari ya Waswahili wote, umeyasoma vibaya.

*Kazi.* Kwa mbegu, uwanjani ni rahisi ajabu: ndoo, maji na wavu mwembamba. Unamwaga udongo, unakoroga, vilivyoungua vinaelea. Ugumu uko kwenye darubini, miezi mingi, ukilinganisha kila punje na mkusanyo wa mbegu zinazojulikana. Kwa vinasaba, maabara nyingi ziko nje ya Afrika, na hilo linakuweka mikononi mwa wengine kuhusu ratiba na hata tafsiri.

*Ruhusa na maadili.* Mbegu hazina mwenyewe atakayelia. Mifupa inao. Kaburi lisifunguliwe kwa sababu tu maabara imekubali kulipia.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la chakula, ndoa na kuhama.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Una muhula mmoja na huna fedha za uwanjani: nenda kabatini. Chagua sanduku moja la mji uliochimbwa na kuchapishwa, uhesabu upya vigae vyote, vya hapa na vya nje. Tasnifu nzuri zimetoka kwenye kazi isiyo na mbwembwe kama hiyo.

Una msimu mmoja na timu inayokupokea: mji wa bandari, na uombe kazi ya kuelesha udongo wa shimo lako, ile ya ndoo na maji ya kutafutia mbegu. Njia ya pili na ya nne zinakaa pamoja vizuri, gharama ya ziada ni ndoo na usingizi. Ila usiongeze ya tatu juu yake.

Wewe ni mzamiaji: cheti cha kuzamia hakikufanyi mwanaakiolojia wa chini ya maji, lakini kinakupa nafasi ambayo wengi hawana. Anza na kupima na kupiga picha vilivyo kwenye maji mafupi, nanga za mawe na mizigo iliyotawanyika kwenye miamba, bila kuinua kitu. Ripoti kwa mamlaka kabla ya kuweka picha mtandaoni, maana wezi nao wanasoma.

Swali lako ni la njia, bidhaa ilipitia wapi hadi kufika: shanga na kemia yake, au shehena za meli zilizokwisha kuchapishwa. Magofu yatakuzungusha.

Swali lako ni la watu, nani alioa kwa nani na nini kilipikwa: mbegu kwanza. Vinasaba soma vya waliokwisha kupima, na usianzishe kuchimba makaburi kwa tasnifu ya shahada ya kwanza.

Wewe si msomi wa fani, unataka tu kuona kwa macho: vitu vya meli vipo Fort Jesus, mji upo Gedi kwa anayefika kwa gari na Kilwa Kisiwani kwa anayevuka kwa boti. Ukienda Kilwa, toka kidogo kwenye Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa, uangalie chini kwenye njia za vijiji. Vigae vya kawaida, vyekundu na visivyo na rangi ya kung'aa, vimejaa. Viache pale pale.